Kioo cha Gari Kikipanda Polepole, Pimeni Kabla ya Kununua
(Maongezi na vikundi vya kujisaidia, Gachoka)

Leo tuongee juu ya gari la zamani ambalo kikundi kinaweka kwa kukodisha, hasa siku za harusi. Sitagusa injini. Nitasema juu ya vioo vya umeme tu, kwa sababu hapo pesa ya kikundi hupotea bure.

Peugeot 504 haina haja ya kuelezwa hapa kwetu. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, ikashinda tena 1978. Nyingi zina mkono wa kuzungusha kioo, lakini baadhi ya zile za daraja la juu, na pia baadhi ya Mercedes za miaka hiyo, zina swichi na mota. Gari likizeeka, unabonyeza swichi na kioo kinapanda kama mzee mwenye mzigo mgongoni. Mnaambiwa, "Mota imekwisha." Mweka hazina anafungua sanduku, mota inanunuliwa, na kioo kinabaki vile vile. Hapo wanachama wanaanza kushukiana. Basi neno langu ni moja: pimeni kwanza, nunueni baadaye.

Umeme ni kama maji ya bomba. Tangi linaweza kujaa, lakini bomba likiwa na kutu ndani, mferejini unapata matone. Katika magari mengi ya zamani, umeme wote wa mota hupita ndani ya swichi yenyewe, na hiyo swichi imekula vumbi miaka mingi. Fuateni hatua hizi:

1. Jaribuni kioo injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inanguruma. Betri nzuri iliyotulia hupima karibu volti 12.6, injini ikichaji hufika karibu 14. Kioo kuongeza mwendo kidogo ni kawaida. Lakini kikiwa kimelala kabisa na injini ikiwaka kinaamka, angalieni betri na vichwa vyake.

2. Je, ni kioo kimoja au ni vyote? Vikiwa vyote, tatizo huenda liko mahali pa pamoja: betri, fyuzi, waya mkubwa au waya wa ethi. Kikiwa kimoja, shughulikieni mlango huo.

3. Safisheni njia ya kioo. Osheni raba kwa kitambaa, maji na sabuni, zikauke, kisha mpake silikoni. Msipake oili ya injini. Oili huharibu raba na hushika vumbi, na vumbi la Mbeere mnalijua. Mara nyingi kazi inaishia hapa, na imewagharimu sabuni tu.

4. Kama bado, fundi atoe kifuniko cha mlango, apime volti kwenye mota wakati mwingine anabonyeza swichi. Kupima bila kubonyeza hakusaidii. Betri ikiwa na 12 na mota inapata 9, zile 3 zimepotea njiani. Tafuteni kwenye swichi, kwenye viungo, kwenye ethi, na pale waya zinapopita bawaba ya mlango, maana hapo hukatika kidogo kidogo.

5. Mota ikipata volti zake zote na bado ni mvivu, ifunguliwe ijaribiwe peke yake. Ikizunguka upesi, mota ni nzima. Kinachozuia ni grisi iliyoganda kwenye mitambo ya kuinua kioo. Ikiwa hata peke yake inajikokota, sasa mnaweza kusema mota imechoka. Hata hivyo, muulizeni fundi kama brashi zake zinaweza kubadilishwa.

Sasa hatari. Kabla ya kufungua mota, kioo kifungwe au kiegemezwe vizuri. Mitambo mingine ina springi yenye nguvu, na ikiachiliwa ghafla inakata vidole. Fyuzi ikiungua, msiweke waya wala karatasi ya sigara. Gari linaweza kushika moto. Msikae mkibonyeza swichi kwa muda mrefu, mota inapata joto. Na watoto wasiachwe garini na ufunguo: vioo hivi vya zamani havirudi nyuma vikikuta mkono au shingo.

Kwa viongozi: fundi akisema spea inunuliwe, aonyeshe vipimo viwili, volti za betri na volti za mota. Katibu aviandike kwenye kitabu pamoja na tarehe, halafu ndipo mweka hazina atoe pesa. Si kumdharau fundi. Fundi mzuri atafurahi, na mwanachama aliyechanga shilingi zake atajua zimeenda wapi.

Sasa aliye na swali ainue mkono.