Wenzetu wa Daftari Moja



Mmetutaka sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi hapa Shimoni tuseme machache juu ya mikutano yetu, na faida yake kwa chama. Tunashukuru kwa heshima hiyo.

Watu waliosoma pamoja wakionana baada ya miaka mingi, maswali yao ni yale yale: Umejaaliwa watoto wangapi? Wazee hawajambo? Kazi gani siku hizi? Kisha hufuata vicheko vya zamani: madumu ya maji tuliyobeba kwa zamu, na mwalimu aliyeweza kumtaja mnong'onaji kwa jina hali ameuelekea ubao. Mambo haya huburudisha moyo. Lakini katika kuulizana habari jambo moja limetuelemea: wengi wa darasa letu hawaji.

Sisi tulikuwa darasa la sita mwaka 2003. Januari ya mwaka huo serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na hesabu ya wanafunzi nchini Kenya ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi mwaka 2002 hadi kama milioni 7.2. Nasi tulibanana wanne dawati moja. Walirudi hata vijana waliokwisha kuzoea nyavu, wakaketi pamoja na wadogo zao, wala hapana aliyewacheka. Mwaka uliofuata, huko Eldoret, Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84.

Tulifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2005, na hapo njia zikaachana. Msaada wa serikali kwa karo za sekondari ulianza mwaka 2008, nao ukatukuta tumekwisha kutawanyika. Wazee mnakumbuka kwamba kiwanda cha sukari cha Ramisi kilisimama mwaka 1988, na nyumba nyingi zilizotegemea mshahara wake zilikuwa hazijainuka bado. Wenye wajomba wa kuwasaidia walipelekwa shule za misheni za mbali. Wengine waliingia baharini, na baadhi ya dada zetu waliolewa kabla ya kushika kitabu cha kidato cha kwanza.

Sasa tazameni walipo. Mmoja aliyefaulu vizuri alipata kazi katika mgodi wa titaniamu. Mgodi ule ulimaliza kuchimba mwishoni mwa mwaka 2024, naye anatafuta kazi upya. Mwingine, asiyepita darasa la nane, ni nahodha wa mashua ya kupeleka wageni Kisite. Ajua mikondo na miamba kama tulivyojua jedwali la hesabu, na amewasomesha wadogo zake watatu. Dada mmoja yuko Ughaibuni akilea watoto wa watu ili wake wasome. Dada mwingine, aliyeolewa mapema, ni mtunza hazina wa kikundi cha akina mama, na hesabu zake hazijapotea hata shilingi. Ni dhahiri kwamba cheti hakikutosha kutuonyesha nani atakuwa nguzo ya nyumba yake.

Mbona basi hawaji? Tumewauliza baadhi yao. Sababu ya kwanza ni haya. Mmoja alisema, "Nije niseme nini mbele ya makarani?" Sababu ya pili ni siku yenyewe. Desturi ni kukutana Desemba, walioajiriwa mjini wanapopata likizo. Lakini huo ndio msimu wa kaskazi, bahari ni shwari, wageni ni wengi, na mtu wa mashua hawezi kuacha riziki yake.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, orodha yetu ifuate daftari la mahudhurio. Kila aliyeitwa jina akajibu "nipo" ni mwenzetu, amalize asimalize. Pili, mkutano uwe wakati wa kusi, mashua zikiwa zimevutwa pwani, nao wenye likizo wajitahidi kuomba ruhusa. Tatu, mchango usianzie kwenye pilau na mashati ya sare, bali uanze na mtoto wa mwenzetu aliyekosa karo.

Jambo la tatu halingoji mkutano. Mwenzetu mmoja alitutoka baharini, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binti yake amepata nafasi ya sekondari mwaka huu, na mamake hana pa kushika. Sisi tumekwisha kukusanya fedha za muhula wa kwanza. Tunaomba chama kisimamie mihula inayobaki, na mhazini azipokee na kuziandika mbele ya mashahidi, ili pasiwe na maneno.

Nanyi wazee tunawaomba neno moja ambalo barua zetu haziwezi. Piteni nyumbani kwa wale wenye haya, mwaite kila mmoja kwa jina la baba yake. Barua ya karani huweza kukunjwa ikawekwa. Mzee aliyesimama mlangoni hajibiwi kwa kimya.

Sisi tuko tayari kuwapa majina, nyumba kwa nyumba, kuanzia kesho.