Kilegesambwa: Kupima Mguu wa Nyuma wa Mbwa Mdogo

 

Jana jioni hapa mwaloni, pale kivuko kilipokuwa kikitia nanga kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, nilimwona mbwa mdogo mwekundu akifuata harufu ya dagaa. Alikuwa anakimbia vizuri. Mara akaukunja mguu wa nyuma wa kushoto, akaruka hatua tatu kwa miguu iliyobaki, akaushusha, akaendelea na safari yake. Mwenyewe akaniambia, “Huyo ndivyo alivyo, daktari.”

Sivyo alivyo. Pia ya goti, ambayo Kiswahili kimeipa na jina la kilegesambwa, hutembea ndani ya mfereji kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja. Misuli ya paja huivuta juu, kano huishikilia chini kwenye muundi. Paja likipinda au muundi ukijisokota, mvuto unakwenda kombo na pia inachomoka. Kwa mbwa wadogo, kama Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier, mara nyingi huchomokea ndani. Ugonjwa una madaraja 4. Ukifika la nne, pia imehamia huko moja kwa moja.

Lakini kupinda kiasi gani ndiyo ugonjwa? Paja la mbwa mzima nalo halikunyooka kama rula. Mwaka 2007 James Tomlinson na wenzake wa Marekani walipima mbwa wakubwa wa aina 4. Pembe ya upande wa nje, kati ya mhimili wa paja na mstari wa goti, ilikuwa wastani wa nyuzi 94 kwa German Shepherd na 98 kwa Rottweiler. Hao ni wakubwa kwa wakubwa! Nikimpimia mbwa wa mwaloni kwa kipimo cha Rottweiler, naweza, katika upasuaji wa kuunyoosha, kukata kabari kwenye mfupa usio na kosa, na kabari ikishatoka hairudi.

Picha nayo hudanganya. Shikeni mpini wa jembe uliopinda kidogo, muuzungushe taratibu mbele ya macho: kuna mahali utaonekana umenyooka kabisa. Paja chini ya eksirei ni vivyo hivyo. Ndiyo maana mbwa hupewa dawa ya usingizi, akalazwa chali, mguu ukanyooshwa hadi mfupa ulale sambamba na sahani ya picha. Uking’ang’ania kupima picha ya mfupa uliozunguka, umepima mkono wa mpigapicha. Picha ya namna hiyo naitupa, hata kama mwenye mbwa ametoka Sengerema kwa miguu.

Kwa hiyo nileteeni yule mwekundu, lakini nileteeni zaidi wale msiofikiria kamwe kuwapeleka kwa daktari: wadogo, wazima, wasiochechemea. Watoto wa mbwa wasubiri mpaka ncha za mifupa yao zifunge. Nitawapima miguu yote miwili, kuanzia nyonga hadi kifundo, ili tupate kipimo cha mbwa wadogo wenyewe.