Mapumziko kwa Kiti Mwendo: Tuulize Kabla ya Kuondoka

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata)



Mji wetu umekua kwa safari. Kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ilipita hapa Unyanyembe ikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika njia nzima. Misafara hiyo haikuondoka kwa kubahatisha. Kiongozi alitaka kujua kwanza maji yako wapi, chakula kinauzwa wapi, na usiku watalala wapi.

Njia ile ilikuwa na ukatili wake pia. Mwenye uwezo akiugua alibebwa kwa machela, kama David Livingstone alivyobebwa na watu wake mwaka 1873. Mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani afe, au aliuawa. Kufika kulitegemea mtu anathaminiwa kiasi gani na wenzake.

Leo sheria imeondoa shaka hiyo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja burudani, utalii na maeneo ya utamaduni. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Hata hivyo, wengi wetu tunaotumia viti mwendo husafiri kwa sababu mbili tu: hospitali na msiba. Mapumziko tunayaona kuwa ya watu wengine. Naomba tuanze kuyapanga, na tuyapange kwa vipimo.

Kwanza, pima kiti chako. Chukua futi ya fundi cherehani, upime upana kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa jingine. Kiti cha sentimita 68 hakipiti mlango wa sentimita 65, hata mwenyeji awe mkarimu namna gani.

Pili, usiulize nyumba ya wageni kama “panafikika”. Utajibiwa kwamba panafikika, kwa kuwa wapo vijana wa kukubeba. Uliza hivi: mlango wa chumba una upana gani? Mlango wa choo je? Ngazi ni ngapi, na kila moja ina kimo gani? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Omba picha kwa simu, futi ikiwa imewekwa mlangoni.

Tatu, fikiria njia. Abiria wenzetu basi likisimama hushuka “kuchimba dawa” vichakani, sisi hatuwezi. Panga mapema utashukia wapi penye choo. Mabehewa ya reli ya zamani hupandwa kwa ngazi, basi mweleze mkuu wa kituo siku kadhaa kabla, nawe uwaelekeze wanaokusaidia namna ya kukushika. Beba pampu, viraka na gundi. Magurudumu yakiwa ya aina ya baiskeli, fundi baiskeli yeyote atakusaidia. Chagua kiangazi, kwa maana kuanzia Novemba mvua hugeuza barabara za udongo kuwa tope.

Nne, usiusahau mwili. Kalia mto, ujiinue au uegemee upande kila baada ya nusu saa, ili usirudi na vidonda vya kukaa.

Kwa anayeanza, safari ya siku moja inatosha. Kwihara iko jirani, penye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley huko Ujiji mwaka uliotangulia. Nenda na bajaji ambayo kiti chako kikikunjwa kinaingia, na uulize mapema kuhusu vizingiti, kwani nyumba za kale hazikujengwa kwa magurudumu. Ukizoea, ipo Ujiji yenyewe, jirani na Kigoma, kule reli inakoishia.

Sasa nina ombi kwa wenye nyumba za wageni na migahawa ya kata hii. Pimeni mlango, ngazi na choo, muandike vipimo hivyo mapokezi. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Mbao imara na fundi mmoja vinatosha. Kwa ofisi ya kata, napendekeza vipimo hivyo vikusanywe katika orodha moja na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Na ninyi nyote, mkimwona mwenye kiti mwendo njiani, muulizeni kabla ya kumsukuma. Huenda anakwenda kutembea tu, kama ninyi.