Asiyeweza Kusema Naye Huumwa

Msikilizaji, wodini kuna swali la kila siku: "Kutoka 0 hadi 10, unaumwa kiasi gani?" Swali hilo humfaa mwenye kauli. Lakini takribani mmoja kati ya kila watatu wanaopatwa na kiharusi hupata afasia, yaani ubongo unashindwa kutunga au kuelewa maneno. Huyo atakutazama tu. Au ataitikia "ndiyo" huku moyoni akikusudia "hapana". Tusipojihadhari, faili litasema hana maumivu.

Kumbe anayo. Bega la upande uliopooza huuma, hasa pale tunapomwinua kwa kumvuta mkono. Misuli hukakamaa, vidonda vya kulalia vinachimba, kibofu kinajaa. Wapo pia ambao ubongo ulioumia wenyewe huzalisha maumivu, hata shuka likiwagusa wanahisi wanaungua.

Wataalamu wana kipimo cha PAINAD, kilichochapishwa mwaka 2003 kwa ajili ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Kinaangalia mambo 5: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mgonjwa akibembelezwa anatulia. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2. Kinasaidia, ila kiharusi kina mitego yake. Nusu ya uso ikipooza haikunjamani, kwa hiyo tazama upande usiopooza. Na kilio chaweza kuja chenyewe, bila maumivu wala huzuni, kwa sababu ya ubongo ulioumia.

Na kwa kuwa maumivu kama ya bega huchomoza mwili unaposogezwa, nasema mgonjwa huyu asipimwe akiwa ametulia kitandani. Apimwe anapogeuzwa, anapoogeshwa, anapovalishwa shati. Na katika hospitali zetu nyingi, wanaofanya kazi hizo ni ndugu. Mke ndiye anayejua kwamba tangu juzi mumewe anagumia akilazwa ubavu wa kushoto, na kwamba si kawaida yake kusukuma kijiko. Lakini daktari akianza raundi, mke huyo huambiwa atoke nje!

Wakuu wa wodi, kwa mgonjwa asiyeweza kusema, mruhusuni ndugu mmoja abaki. Mwulizeni ameona nini, na jibu lake liandikwe kwenye faili. Dawa ya maumivu ikishatolewa na kupewa muda wa kufanya kazi, mgeuzeni mgonjwa tena, pamoja na ndugu huyo. Akikubali kugeuzwa bila kugumia, mmepata jibu ambalo swali la 0 hadi 10 lisingewapa.