Nyumba Kubwa ya Kilwa

Ndugu wanakisomo wa Chiwata, leo tuzungumze habari za nyumba. Tunayoitaja ni Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Suleiman. Lilijengwa Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1300, juu ya jabali la bahari, kando ya mji. Vyumba vyake vilizidi 100, na palikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane.

Sasa tujiulize: tajiri kama yule, mbona vyumba vyake ni vyembamba? Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifiki mbali. Upana ni mita 3 hivi, basi. Nasi huku tunajua kwamba mti ndio unaopima nyumba. Mahali pengine mafundi waliacha boriti wakainua kuba za mawe.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe? Ni matumbawe hayo hayo, yamechomwa kwa kuni. Ukuta huo hunyonya maji ya mvua, kisha huyatoa taratibu. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanafungwa ndani, na ukuta unameguka. Ndiyo maana magofu ya Kilwa, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, hutengenezwa kwa chokaa.

Kwa hiyo mwenye ukuta wa zamani wa chokaa asikimbilie mfuko wa saruji. Amtafute kwanza fundi anayejua kuchoma chokaa. Fundi huyo akiwa mzee, vijana wakae naye mwaka huu.