Kibanda cha Utulivu Huanza na Mti Uliosimama

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Kirumba



Kata yetu huamka mapema. Kabla jua halijachomoza, mwaloni tayari kuna magunia ya dagaa, mikokoteni na sauti za wapatanao bei. Hiyo ndiyo riziki yetu, wala silalamiki. Hata hivyo, sote tumewaona wenzetu wanaopanda juu ya mawe kutafuta mahali pa kimya: mwenye kuomba, mwanafunzi mwenye mtihani, mfiwa anayetaka kukaa peke yake. Haja ya utulivu ni haja ya kweli, na ni haki kuizungumza katika mkutano wa huduma.

Hivi karibuni kikundi cha vijana wa kata hii kilinieleza wazo la kujenga vibanda sita vya tafakuri katika msitu wa kilimani, nje kidogo ya makazi, kwa mtindo wa msonge wa Kisukuma. Nililipenda wazo hilo. Nikawauliza, "Nguzo mtazipata wapi?" Wakanijibu, "Pale pale msituni." Jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Tufanye hesabu pamoja. Kibanda cha duara chenye upana wa mita tatu kina mzingo wa mita tisa na nusu hivi. Ukisimamisha nguzo kila nusu mita na kuacha nafasi ya mlango, unahitaji nguzo 18. Vibanda sita vitakula nguzo 108, kabla hatujagusa fito za kuta na miti ya paa. Msitu mdogo ukitolewa miti kiasi hicho, anayekuja kutafakari atakuta vibanda vimebaki na kivuli kimeondoka.

Je, tuache kujenga? La hasha. Wazee wetu walijenga kwa akili, nasi tujifunze akili yao pamoja na umbo la nyumba zao. Shule ya somo hilo haiko mbali. Pale Bujora, Kisesa, liko Jumba la Makumbusho ya Wasukuma, ambalo chimbuko lake ni kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Humo utaona nyumba ya mhunzi na nyumba ya mganga, na utaelewa kwamba kila sehemu ya nyumba ya asili ina sababu yake.

Sababu ya kwanza ni mvua. Paa la msonge ni la mteremko mkali ili maji yatiririke kabla hayajapenya nyasi. Mteremko ukipungua nusu ya pembe mraba, yaani nyuzi 45, nyasi huoza upesi. Upenu nao hutokeza nje ili mvua ya masika isiuchape ukuta wa udongo. Nyasi hukatwa kiangazi zikiwa zimekauka, zikafungwa mafungu na kuezekwa kuanzia chini kwenda juu.

Sababu ya pili ni udongo. Udongo wa mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka, na wenye mchanga mwingi humomonyoka. Kuupima ni rahisi: tia udongo kidogo katika chupa ya maji, tikisa, kisha uache utulie. Mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu, nawe utaona kilichozidi. Wazee waliongeza samadi ya ng'ombe katika udongo wa kusiriba ili ushikane.

Sababu ya tatu husahauliwa na wengi, nayo ni moshi. Babu yangu mzaa mama, huko Magu, alikuwa na nyumba ya nyasi iliyodumu miaka mingi. Alipohamia nyumba ya bati, ile ya zamani ilibaki bila moto, na haikuchukua muda mchwa na wadudu wakaimaliza. Moshi wa jikoni ndio uliokuwa ukikausha nyasi na kufukuza wadudu. Kibanda cha tafakuri hakitapikiwa ndani. Kwa hiyo kinahitaji msingi wa mawe ulioinuka, nyasi nene zaidi, na mtu wa kukikagua kila kiangazi. Asiye na mpango wa kukarabati asianze kujenga.

Sasa turudi kwenye nguzo. Mawe tunayo, Mwanza haina uhaba wa mawe. Ukuta ukijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani juu ya msingi wa mawe, nguzo za ukutani hazihitajiki tena, wala hakuna kuni za kuchomea tanuri. Miti ya paa inunuliwe kwa wakulima wanaopanda mikaratusi. Tena vibanda viwili vyaweza kutosha kuanzia, vikiwekwa mahali ambapo tayari pana uwazi.

Wasukuma wana neno ngitili, yaani eneo linalofungwa ili nyasi na miti vipone. Kuanzia mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulifufua desturi hiyo, na ardhi iliyokuwa tupu ikarudisha miti. Ningependa vijana wetu waanze hapo: wafunge ngitili yao kwanza, kisha wajenge ndani yake. Nyasi za kuezekea nazo zitatoka humo.

Ndugu wananchi, yapo pia mambo ya sheria. Usikate mti wala kuchimba msingi kabla ya kuonana na Mtendaji wa Mtaa na Afisa Misitu. Jengo, hata likiwa la nyasi, linahitaji kibali cha ujenzi. Kwa wanaofikiria ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na choo kipangwe tangu siku ya kwanza, mbali na njia ya maji.

Jambo la mwisho ni mlango. Zamani shikome, moto wa jioni, ulikuwa mahali pa wazee na vijana kukaa na kuwaza pamoja, wala hapakuwa na kiingilio. Vibanda hivi vikiwa vya wageni wenye fedha pekee, mama muuza dagaa aliyefiwa ataendelea kulia juu ya jiwe. Vijana wamekubali kuupitia upya mchoro wao. Nawaomba wazee mnaojua kuezeka mkawafundishe, maana ujuzi huo nao ukikatika hauchipui tena.