Mjumbe Hauawi, Lakini Huulizwa

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa ya Garsen, Kaunti ya Tana River



Wahenga walisema mjumbe hauawi. Usemi huo tunaukubali, kwa kuwa sisi si watu wa kumwaga damu, na katika bonde hili damu imekwisha kumwagika ya kutosha. Lakini wahenga hawakusema kwamba mjumbe haulizwi. Mtu akitumwa Malindi kununua dawa ya mgonjwa, akarejea na mikono mitupu na shati jipya mwilini, hakuna nyumba itakayomkaribisha kiti kabla ya kumwuliza dawa iko wapi. Mbunge, seneta, mwakilishi wa wanawake, gavana na mwakilishi wa wadi ni wajumbe. Tumewatuma. Neno letu la leo ni moja: tutawaulizaje?

Tulipigania nini?

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambapo wapiga kura walipangwa mistari nyuma ya wagombeaji, na mara nyingi aliyekuwa na mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Kanisa halikunyamaza. Viongozi wa dini kama Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na Mchungaji Timothy Njoya walinena wakati ambapo kunena kulikuwa hatari. Zikaja siku za Saba Saba mwaka 1990, na mwezi Desemba mwaka 1991 kifungu cha 2A kilichokifanya chama kuwa kimoja kikafutwa katika katiba. Uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992.

Basi, je, mageuzi yalikuwa ni haki ya kupanga foleni kila baada ya miaka mitano na kutia karatasi sandukuni? La hasha! Kura ni mlango tu. Ndani ya nyumba ndimo mlimo na kazi, na kazi hiyo ni kumfanya mwenye madaraka ajue kwamba ana mwenyewe aliyemtuma. Vyama vingi visivyo na uwajibikaji ni milango mingi ya kuingilia katika ghala lile lile la kuporwa. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilitia muhuri jambo hilo pale iliposema, katika Ibara yake ya kwanza, kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na kwamba viongozi huyatumia kwa niaba yao.

Mto Tana na hesabu zisizotolewa

Ndugu zetu, hapa petu somo hili limeandikwa katika maji. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huko juu ulijengewa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Umeme ulikwenda mijini. Huku chini, mkulima wa Kipokomo aliyezoea kupanda kwa kufuata mafuriko, na mfugaji wa Kiorma aliyezoea kuteremsha ng'ombe deltani wakati wa kiangazi, waliachwa wasome tabia mpya ya mto bila ya kuelezwa na yeyote.

Kisha ikaja miradi mikubwa. Mradi wa unyunyizaji wa Bura ulipangiwa hekta 6,700, nao haukufika hata nusu ya kiasi hicho. Pampu ziliharibika na mashamba yakakauka ilhali fedha nyingi za mkopo zilikuwa zimekwisha kutumika. Hapa deltani shirika la TARDA lilianzisha mashamba ya mpunga, na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yakabomoa kingo zake. Mto hauna kiapo, na mvua haipigiwi kura. Lakini wapo waliokula kiapo. Nani alisimama Bungeni kuuliza fedha zilikwenda wapi, ardhi ni ya nani, na malka za kunyweshea mifugo zitapita wapi baada ya mashamba kufungwa? Hilo ndilo swali ambalo mjumbe hutumwa kuliuliza. Lisipoulizwa Bungeni halifi. Huhamia vijijini, na huko huulizwa kwa panga.

Tuliona mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi Septemba ikawa Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako polisi pia waliuawa. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Ndani ya miezi michache zaidi ya roho 100 zilipotea. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Waliozikwa walikuwa Waorma na Wapokomo, wafugaji na wakulima, na maiti hazikuwa na chama. Hatusemi kwamba chanzo kilikuwa kimoja. Twasema hivi: palipokosekana mpango wa haki wa maji na ardhi, mwanasiasa mvivu alipata njia rahisi ya kuomba kura, nayo ni kumwonyesha mtu jirani yake na kumwambia, huyo ndiye shida yako.

Lakini yako pia ya kutia moyo. Wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya jamii zao, wakilalamikia ardhi yao kugawiwa mashirika na makampuni bila ya wao kushirikishwa. Mwezi Februari mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamuru serikali na idara zake zitayarishe mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakazi. Tulizingatie hilo. Miezi michache baada ya mazishi, watu wa kawaida walipata kwa karatasi na subira jambo ambalo panga halikuweza kumpatia yeyote.

Kazi yake ni ipi?

Hatuwezi kumhukumu mfanyakazi bila ya kuijua kazi aliyoandikiwa. Ibara ya 95 yaeleza kazi ya Bunge la Taifa: kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuisimamia Serikali Kuu. Ibara ya 96 yampa Seneta ulinzi wa kaunti na usimamizi wa fedha zinazogawiwa kaunti. Ibara ya 185 yampa mwakilishi wa wadi kazi ya kutunga sheria za kaunti na kumchunguza gavana na mawaziri wake. Eneo bunge la Garsen lina wadi 6 na kaunti nzima ina wadi 15. Hao 15, pamoja na walioteuliwa, ndio macho yetu huko Hola. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa kaunti hii kutoka hazina ya taifa ulikuwa takriban shilingi bilioni 6.5, na watu wake katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 315,943. Kila mmoja apige hesabu mwenyewe, kisha aitazame zahanati ya kijijini kwake.

Tafuteni katika ibara hizo, hamtaona popote palipoandikwa kununua jeneza, kuleta hema la matanga, kulipa karo ya mtoto mmoja mmoja, wala kugawa noti uwanjani. Kusaidiana ni ada yetu njema, na hatumkatazi mtu kuwa mkarimu. Lakini ukarimu ukigeuzwa kuwa kipimo cha uongozi, twampoteza mjumbe na kupata tajiri wa kuombwa. Na tajiri huyo, fedha za kugawa kila Jumapili atazitoa wapi? Mshahara hautoshi. Hapo ndipo mlungula unapozaliwa, kwa maana kila shilingi inayotupwa jukwaani ina mama yake mahali fulani.

Hata ile Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2003, ni kodi yetu. Darasa lililojengwa nayo halikujengwa na mheshimiwa. Isitoshe, mahakama zimekwisha kuuliza inakuwaje mtunga sheria, ambaye kazi yake ni kuchunguza matumizi, awe yeye yule mtumiaji. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hata ile ya mwaka 2015 ilikiuka Katiba. Yeyote atakayeshinda katika mabishano hayo, swali hilo ni la haki: mlinzi na mwenye ufunguo wakiwa mtu mmoja, ghala litalindwa na nani?

Tutawaulizaje?

Kuuliza si kutukana, wala si kupiga mawe msafara. Kuuliza ni kazi yenye utaratibu, na silaha zake tunazo.

Ya kwanza ni haki ya kupata habari. Ibara ya 35 yaitoa, na sheria ya mwaka 2016 yaieleza. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili; asiyejua kuandika aweza kulisema kwa mdomo na afisa akaliandika; na kuliwasilisha hakulipiwi ada. Afisa ana siku 21 za kujibu, na jambo linalohusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Asipojibu, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Basi tukitaka kujua mkataba wa kisima umepewa nani na kwa fedha ngapi, tuandike.

Ya pili ni kalenda ya fedha. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayelalamika mwezi Julai amefika sokoni wakati samaki wamekwisha. Ushirikishwaji wa wananchi ni amri ya Katiba, wala si hisani ya gavana.

Ya tatu ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo hutakiwa kutoka ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, nayo Bunge au bunge la kaunti hutakiwa kuijadili ndani ya miezi 3. Tumwulize mwakilishi wetu: umeisoma? Ulisema nini siku ilipojadiliwa? Na majadiliano ya Bunge huandikwa neno kwa neno na kuhifadhiwa. Aliyenyamaza miaka mitano, kimya chake kimeandikwa humo.

Ya nne ni ombi rasmi kwa Bunge. Ibara ya 119 yampa kila mtu haki hiyo, awe mkulima wa Ngao au mchungaji wa ng'ombe wa Wayu.

Mtatuuliza, je, hatuwezi kumrudisha nyumbani kabla ya muda wake? Ibara ya 104 yaitoa haki hiyo. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2011 ilidai sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake. Tudai mlango huo utengenezwe, lakini tusikae nje tukiusubiri ilhali milango mingine minne i wazi.

Huyu ni wetu

Kikwazo kikubwa si sheria. Ni maneno mawili: ni wetu. Mtu wetu akiulizwa, twaambiwa ni maadui wa kabila wanaomwandama. Lakini aliyekula fedha za dawa za Garsen hakumwuliza mgonjwa lugha ya mama yake. Kama ni wetu kweli, basi sisi ndio wa kwanza kupaswa kumwuliza, kwa maana mtoto hufunzwa na wa nyumbani kwao.

Maandiko yanatupa mfano ulio wazi. Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya taifa zima, akawataka watu waseme mbele ya Mungu kama alimnyang'anya yeyote ng'ombe au punda, au kama alipokea rushwa. Hakungoja ashtakiwe. Ni mwanasiasa gani wa siku hizi aliye tayari kusimama hivyo hapa Garsen, mbele ya wenye ng'ombe?

Kanisa nalo lina sehemu yake. Mwezi Septemba mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena katika ibada za Kianglikana. Mwezi Novemba mwaka 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango mkubwa wa fedha uliotolewa na Rais katika parokia moja ya jimbo lake. Mimbari iliyonunuliwa haina sauti. Afadhali tusali chini ya mwembe tukiwa huru, kuliko kusali chini ya mabati yaliyotufunga midomo.

Basi twapendekeza jambo dogo, linalowezekana kuanza juma hili. Kila kanisa na kila msikiti uliokubali kushirikiana nasi uwe na daftari moja. Ukurasa wa kwanza ziandikwe ahadi za kila kiongozi na tarehe alizozitoa. Ukurasa wa pili iandikwe miradi iliyotengewa fedha. Ukurasa wa tatu yaandikwe tuliyoyaona kwa macho yetu. Watunza daftari wasitoke katika jamii moja: awemo mkulima, mfugaji na mvuvi, na wanawake wawe nusu. Kila baada ya miezi mitatu madaftari yakutanishwe, na viongozi waitwe kwa barua kuja kujibu. Atakayekuja tumsikilize kwa heshima. Asiyekuja, kiti chake kiachwe wazi mbele ya watu wote, na tarehe iandikwe.

Ahadi ni deni, na deni halisahauliwi na anayedai. Tuanze kuandika.

Mungu aibariki Tana, Mungu aibariki Kenya.